Nyuki wa kwenye lebo

Mama, mteja wangu, aliingia dukani kwangu Jumanne saa nne asubuhi, akaweka chupa mbili za asali juu ya kaunta, akabaki amesimama. Siku zote akija huvuta kile kiti cha plastiki kilicho karibu na mashine ya fotokopi, huvua kandambili, huomba maji ya kunywa kwanza, maneno baadaye. Siku ile hata mkoba hakuushusha begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu niangalizie hawa nyuki."

Chupa ya kwanza ilikuwa yake. Lebo ya manjano, maandishi ya kahawia, nyuki katikati. Nilimtengenezea mwaka 2019, alipokuwa ndiyo kwanza anaacha kuuza asali kwa ndoo na kuanza kuifungasha. Chupa ya pili ilikuwa ya mfungashaji wa Singida; mwana wa mama aliikuta dukani Dodoma, akaituma kwa basi. Jina jingine, lebo ya kijani. Lakini nyuki alikuwa yule yule: bawa la kushoto limekunjika nchani, tumboni mistari mitatu, wa kati mnene kuliko wenzake.

"Huyu si nyuki wetu, mwanangu?"

"Ni wetu, mama."

Nilijibu kabla hata sijafikiri. Neno hilo, "wetu", limeninyima usingizi wiki sita sasa.

## Ukurasa wa gazeti ukutani

Wanaosoma hapa siku nyingi wanajua jambo hili ninavyolibeba moyoni. Juu ya kompyuta yangu nimebandika ukurasa wa gazeti wa Aprili 2016, Mahakama ya Wilaya ya Ilala ilipoamuru kampuni kubwa ya simu iwalipe wanamuziki AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2, kwa kutumia nyimbo zao mbili kama miito ya simu bila ruhusa yao. Ukurasa ule nimewasomea wapiga picha wa harusi, mafundi wa mabango, na vijana wanaorekodi muziki kule Ng'ambo, hapa hapa Tabora. Nimewasimulia pia habari ya picha yangu ya miembe ya mjini baada ya mvua, niliyoikuta kwenye kalenda ya ofisi moja, imekatwa pale pale jina langu lilipokuwa. Nilipokwenda kuuliza nikaambiwa, "Si uliiweka mwenyewe mtandaoni?"

Kwa hiyo la mama nililipokea kama langu. Nikamwambia tumemkamata. Nikampeleka mwenyewe kwa wakili, nikakaa naye kwenye benchi mpaka tukaitwa.

Wakili hakupandisha sauti kama mimi. Aliomba vitu viwili: hati inayoonyesha kwamba alama ile ni ya mama, na maelezo ya maandishi, ya kuapia, kutoka kwa aliyechora: alichora lini, kwa ajili ya nani, na alitoa wapi.

## Cheti kwenye fremu

Kesho yake mama alikuja na fremu aliyoitoa ukutani sebuleni, ameifunga kwenye kanga isikwaruzike. Ndani mna cheti cha jina la biashara cha BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara.

"Si hiki hapa? Mbona ninacho?"

Sijui nieleze vipi jinsi ilivyoniuma kumjibu. Cheti kile kinasema fulani anafanya biashara kwa jina fulani. Juu ya nyuki hakisemi kitu. Nyuki angelindwa na usajili wa alama ya biashara, ambao uko BRELA hapo hapo, lakini ni sheria nyingine, ya mwaka 1986, na ni ombi lake lenyewe. Unaomba kwa aina ya bidhaa. Aina zenyewe ni 45, na asali iko kwenye ya 30. Msajili akiridhika, alama inatangazwa kwenye jarida, na mwenye pingamizi ana siku 60 za kulileta. Ikipita, ni yako kwa miaka 7, halafu unahuisha kila baada ya miaka 10. Na ulinzi huo unaishia Bara. Zanzibar wana daftari lao.

Mama huyu ana TIN, namba ya mlipakodi. Ana leseni ya halmashauri. Alama ya TBS, ya ubora wa bidhaa, ameihangaikia mpaka ameipata, na kila safari ya ofisini ilikuwa siku asiyouza. Katika karatasi zote hizo hakuna hata moja inayosemea kile hasa watu wanachomjulia. Sokoni hakuna asomaye jina lake. Mtoto akitumwa huambiwa, "Lete ile ya nyuki wa bawa la kukunja."

Wakili alikuwa ametudokeza jambo jingine ambalo wakati ule nililipuuza. Alisema nyuki kwenye chupa ya asali ni kama samaki kwenye bango la muuza samaki. Hata ukimsajili, utapata shida kumwambia mwenzako asimtumie. Alama inatakiwa imtofautishe mtu na wenziwe wa kazi hiyo hiyo. Neno "asali" huwezi kulimiliki, wala "tamu", kwa sababu kila muuzaji anayahitaji.

Nikasema moyoni: lakini bawa lile je? Bawa nililikunja mimi.

## Saa tano usiku

Maelezo ya kuapia nilikaa kuyaandika usiku, duka limefungwa. "Nathibitisha kwamba mchoro huu niliuchora mwenyewe, kwa mikono yangu, mwezi Julai 2019, kwa ajili ya..." Nikasimama hapo, nikataka kuambatisha tarehe kamili ya faili. Nikachomeka diski ya zamani, nikalitafuta, nikalifungua.

Mchoro wa kompyuta huwa ni tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lina jina. Langu moja liliitwa "maandishi". Jingine "manjano". Jingine "mstari wa chini". La nyuki lilikuwa na jina refu la kigeni, na namba mwishoni, vile vile faili linavyokuja likishushwa mtandaoni.

Nilikaa nikilitazama jina lile.

Kisha nikakumbuka kidogo kidogo, kama mtu anayeamshwa. Umeme ulikatika mchana ule. Ulirudi jioni. Mama alitaka stika elfu moja kabla ya maonesho ya Nanenane, na mimi nilikuwa na kazi nyingine mbili mezani. Niliandika "nyuki" kwenye tovuti ya picha za bure, nikachagua, nikambadilisha rangi, nikampeleka kwenye lebo. Ilinichukua labda dakika ishirini.

Nikaitafuta upya ile picha. Bado ipo. Na bawa limekunjwa tayari, kwenye ncha, upande wa kushoto.

Miaka yote hii nimekuwa nikiwasimulia watu kwamba bawa lile nililikunja mimi. Nilisema hivyo kwenye semina moja ya wajasiriamali. Nilisema mbele ya mama mwenyewe. Nanyi wasomaji wangu nawaapia sikuwa nadanganya kwa kujua, nilikuwa naamini. Ninaliona kabisa kichwani, kipanya mkononi, nikivuta ile ncha ishuke chini. Kumbukumbu ninayo. Tendo lenyewe halikufanyika.

Hapo ndipo pananitisha kuliko hata sheria.

## Bure maana yake nini

Usiku ule nilisoma masharti ya tovuti ile kwa mara ya kwanza. Kutumia picha, ruksa. Kuichapa kwenye bidhaa, ruksa. Kuifanya sehemu ya alama ya biashara, hapana. Nimesoma na ya tovuti nyingine tangu hapo, na nyingi zinasema hivyo hivyo. Ukikaa ukafikiri, sababu iko wazi: alama ya biashara ni haki ya mmoja kuwazuia wengine wote, sasa utampaje mtu mmoja haki ya kuwazuia watu kitu ambacho umeshawagawia wote?

Nilijaribu kujifariji. Mchoraji mwenyewe yuko nchi za mbali, Tabora hata hajaisikia. Faraja haikufika asubuhi. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na maana yake mchoro wa mtu wa nchi mwanachama unalindwa hapa kama unavyolindwa wa mtu wa Kiloleni hapa kwetu. Sheria yetu ya hakimiliki, ya mwaka 1999, inailinda kazi tangu inapobuniwa. Haisubiri muhuri wala cheti. Maneno haya haya ndiyo niliyokwenda kuwatolea wale wa kalenda. "Si uliiweka mwenyewe mtandaoni?" waliniuliza, nikatoka pale nimefura kwa hasira. Na mimi nyuki nilimchukua kwa hoja ile ile: si ameachwa pale, yuko bure?

Naandika na hili, kwa sababu ndilo gumu. Kipanya nilikiweka juu ya lile jina la tabaka. Sekunde mbili tu, nafuta, naandika "nyuki wa mama", nahifadhi. Maelezo yangu yangekuwa safi. Wakili angeandika barua kwenda Singida. Mtu wa Singida, ambaye huenda na yeye ametoka kwenye ndoo kwa jasho, angepokea bahasha yenye muhuri inayomwita mwizi.

Nilizima kompyuta bila kuhifadhi kitu.

## Namba kwenye lebo ya kijani

Asubuhi nikaipiga namba iliyo kwenye chupa ya Singida. Akapokea mwanamume, nyuma yake kuna kelele za watu na vyombo. Nikajitambulisha: natengeneza lebo, niko Tabora, nimeipenda lebo yako, nani alikuchorea?

"Kuna kijana wa steshenari hapa kwetu," akasema. Sauti ilijaa fahari. "Amemchora mwenyewe yule nyuki, toka mwanzo."

Sikupata la kusema.

"Kuna tatizo, ndugu yangu?"

"Hapana, kaka. Kazi njema."

Baadaye nilimpigia tena nikamweleza yote, naye akashukuru, na sasa anajua asije akaingia kwenye usajili na nyuki yule. Lakini ile simu ya kwanza niliikata nikiwa nimemwona yule kijana, ambaye sijawahi kukutana naye, amekaa mbele ya kompyuta yake anamwambia mteja wake kwa moyo safi: bawa hili nimelikunja mimi.

## Isevya

Sikumwita mama dukani. Nilikwenda kwake Isevya kwa miguu, saa kumi jioni. Nilimkuta uani anachuja asali, kitambaa cheupe kimefungwa mdomoni mwa ndoo, masega yanashuka polepole. Asali ya msimu wa Juni, nyeusi kidogo. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia moja kwa moja, maana nilijua nikianza kuzunguka sitafika.

Hakuacha kazi yake. Aliuliza, "Kwa hiyo yule wa Singida hajaiba?"

"Hajaiba, mama."

"Na wewe?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi njiani. Hilo sikuliandaa.

"Mimi nilikuuzia kitu ambacho hakikuwa changu kukuuzia."

Akakamua kitambaa. Akanawa mikono kwenye beseni, polepole, akajifuta kwenye kanga.

"Nilikulipa elfu sitini."

"Ndiyo, mama. Nitairudisha."

"Mimi sikudai pesa. Nilikuambia unichoree mzinga wa baba. Ukaniambia nyuki ndiyo watu wataelewa haraka."

Ni kweli, aliniambia. Lile nalo nilikuwa nimelisahau.

## Mzinga

Jumapili iliyofuata tulikwenda Sikonge, mimi, yeye na kaka yake. Mizinga ya baba yao mingine bado iko msituni. Ni ya gome: gome la mti wa muyombo linabanduliwa zima, linakunjwa liwe bomba, linabanwa kwa vijiti mahali pa kukutania, kisha huku na huku linazibwa. Ukiukaribia unaona ule mshono wa vijiti, na haukunyooka. Kila aliyetengeneza mzinga ana namna yake ya kuupindisha. Wa baba yao unapanda kidogo kulia kama mtu anayeandika bila mistari. Kaka yake aliniambia msituni watu walikuwa wakiutambua mzinga wa mzee kwa mshono huo, bila kuuliza.

Yaani mzee alikuwa na alama yake. Sisi tukaenda kutafuta nyingine mtandaoni.

Nilichora kwa penseli, palepale chini ya mti, karatasi kumi na moja. Ya tisa ndiyo mama aliyoishika. Nyumbani nikaichora tena kwa wino, nikaipiga picha, ndipo nikaiingiza kwenye kompyuta. Karatasi zote nimezihifadhi, zina tarehe. Manjano tumeiacha, na kahawia ya maandishi, wateja wasipotee. Stika mpya nimechapa kwa gharama yangu. Ombi la alama limepelekwa BRELA kwa mtandao, kwa namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ya mama mwenyewe, jina lake mwenyewe. Tunasubiri.

## Kuandikishana

Lilibaki la karatasi baina yetu, na hapa nilisitasita kuliko popote.

Kwetu kuandikishana ni kwa viwanja na madeni. Mtu unayemwita mama, ukamsogezea karatasi asaini, umemwambia nini? Miaka yote nimefanya kazi kwa neno la mdomo, na sheria ya mikataba yenyewe inalikubali. Makubaliano ya mdomo ni mkataba. Nimekuwa nikijivunia hilo, kwamba wateja wangu na mimi tunaaminiana.

Sasa najiuliza tulikuwa tunaamini nini. Mama hakuwahi kunidanganya, nami sikukusudia kumdanganya. Lakini ilipofika siku ya kuulizwa, mimi nilikuwa na bawa ambalo sikulikunja, na ombi la mzinga nililolifuta kabisa kichwani. Aliyebuni ndiye ambaye sheria inaanza naye. Ndiye mwenye haki wa kwanza. Mteja aliyelipa amepata kiasi gani cha haki hiyo, na kwa matumizi yapi, mnategemea kukumbuka. Na tunakumbuka vibaya, hata tukipendana.

Kuna vijana wenzangu walionitumia mikataba yao niione. Mpiga picha mmoja wa harusi hapa hapa mjini ana mkataba wa Kiingereza alioutoa mtandaoni, kurasa nne, unaosema migogoro itaamuliwa na mahakama za California. Bibi harusi wa Kanyenye ameusaini. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu kwa sheria ya Bunge. Basi nikaamua wetu uwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili ambacho mama akikisoma haniulizi neno hata moja. Nimechora nini. Nimetoa wapi. Hakuna mstari wa mtu mwingine ndani yake. Amelipa kiasi gani. Haki zote za kuutumia mchoro kwa asali na mazao ya nyuki, na za kuusajili, ni zake. Mimi nitaruhusiwa kuuonyesha kama kazi yangu.

Alikuja dukani Alhamisi. Nilimsogezea ile karatasi huku mikono inanitoka jasho. Alivaa miwani, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo inacheza. Alipofika chini hakusaini.

"Hujaandika hapa kwamba hutamchorea mwingine wa asali mzinga huu."

"Hapana, mama. Sijaandika."

"Andika."

Nikaandika, nikachapa upya. Akasoma tena toka juu. Akaweka kidole kwenye mstari wa pili, akausoma kwa sauti: "Mchoro umetokana na mzinga wa gome uliotengenezwa na marehemu baba wa mteja, Sikonge." Akaurudia. Kisha akachukua kalamu.

Alipomaliza alivuta kile kiti cha plastiki, akavua kandambili, akaomba maji ya kunywa.